Kanivo mbele ya lupangu: mvua ikileta hasara, nani anajibu?

Mvua imerudi Lubumbashi, na pamoja nayo limerudi ulizo lile lile ambalo wamama wanaulizana kila mwaka katika mikutano yetu: kanivo iliyoziba mbele ya mlango wangu, nani anapashwa kuizibua? Jibu linalotoka haraka ni "komini". La pili ni "mwenye nyumba". La tatu linasemwa kwa sauti ya chini: "jirani wa juu, maana uchafu ni wake." Hakuna anayejitaja. Wakati tungali tunaulizana, maji yamekwisha kuingia kwa mama wa nyumba ya chini, na unga wake na makala yake vimelowa.

Juma hili tuchukue ulizo hilo polepole, upande wa sheria na upande wa mikono. Watu wengi wanafikiri kwamba sheria za inchi zinaongea juu ya hati ya lupangu, kodi na urithi tu, na kwamba mvua ni mambo ya Mungu. Mvua ni ya Mungu, kweli. Lakini ukuta unaoangushwa na mvua uko na mwenyewe, na kanivo iliyojaa masashe iko na watu walioyatupa.

Tuanzie mbali kidogo, kwa watoto na ndugu zetu waliofika Ubelgiji na Kanada. Kila Desemba wanatutumia picha, wamevaa makoti, wamesimama ndani ya theluji mpaka magotini, na sisi tunacheka. Jambo ambalo picha hazionyeshi ni kazi inayofuata. Katika miji ya Ubelgiji, kanuni ya polisi ya manispaa inamlazimisha anayekaa katika nyumba aondoe theluji kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake, ili wapita njia wasiteleze. Asipofanya, anaweza kulipishwa. Kule Toronto kanuni ya mji inaongea juu ya muda wa saa 12 baada ya theluji kuanguka. Montreal ni tofauti: mji wenyewe unapitisha mashine kwenye njia za miguu, lakini theluji ya mlango wako na ya mahali unapoweka gari ni yako, na umekatazwa kuisukumia barabarani. Ndiyo maana kule kuko makampuni madogo ya kuondoa theluji. Watu wanaandikiana nayo mkataba mbele ya baridi kufika, kwa majira mazima, na kampuni inasimika vijiti kando ya njia ya gari ili dereva wa mashine aone mpaka hata kama kila kitu kimefunikwa. Ukiulizia ndugu yako aliyeko kule, atakuambia kwamba theluji ya kupendeza ni ile ya mbele ya nyumba ya mtu mwingine.

Ukiondoa baridi, kanuni hizo zote zinasimama juu ya wazo moja: kitu kinachoanguka toka mbinguni hakina mwenyewe, lakini mahali kinapoangukia pako na mwenyewe.

Inchi yetu nayo iko na theluji yake, lakini iko mbali, juu ya milima ya Ruwenzori katika Kivu ya Kaskazini, na hakuna mtu wa kuitolea jasho. Hapa kwetu kinachotuangukia ni maji. Na kwa maji, mnisamehe, mimi ni mwalimu, lazima tupige hesabu.

Milimita moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya kawaida yenye paa la meta 10 kwa 8 iko na meta 80 za mraba. Mvua kali inaweza kuleta milimita 50 kwa alasiri moja. 80 mara 50 ni lita 4 000. Hizo ni bidoni 200 za lita 20, wewe ambaye unajua uzito wa bidoni moja kichwani. Kwa mwaka mzima Lubumbashi inapata karibu milimita 1 200, na sehemu kubwa inaanguka kati ya Novemba na Machi. Kwa hiyo paa moja tu linatupa chini karibu lita 96 000. Sijahesabu uwanja. Mama aliyepiga simenti uwanja wake wote amefanya vizuri kwa miguu ya watoto, lakini maji ambayo udongo ulikuwa unakunywa, sasa yote yanatoka kwa mlango na kwenda kwa mtu. Kwenda kwa nani? Ndipo sheria inaingia.

Kazi ya serikali na kazi yetu

Barabara yenyewe, mifereji mikubwa inayokusanya maji ya kartye nzima, madaraja, kingo za mto Lubumbashi: hiyo ni kazi ya serikali. Sheria ya 7 Oktoba 2008 juu ya miji na komini inaweka utunzaji wa barabara na mifereji mikononi mwao, na kwa kazi nzito kuko Office des Voiries et Drainage, ile tunayoita OVD. Kama mfereji mkubwa umebomoka, usiende kuujaza mawe wewe mwenyewe, maana utayafukuza maji kwenda kwenye avenyu nyingine. Hapo dawa ni barua, na barua ya wamama 40 inasomwa mbele ya barua ya mama mmoja.

Lakini kuna mambo ambayo hata komini ingekuwa na mashine 100 haitayafanya kwa nafasi yako. Sheria inayohusika ni ya zamani kuliko mji wetu. Ni amri ya 30 Julai 1888 juu ya mapatano na madeni, na Lubumbashi ilianzishwa mwaka 1910. Majaji wangali wanaitumia. Vifungu vyake 258 mpaka 262 vinafaa kujulikana na kila mama mwenye nyumba, na si vigumu kuelewa.

Kifungu 258 kinasema kwamba mtu anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake anapashwa kuitengeneza. Kifungu 259 kinaongeza kwamba si lazima awe amefanya kitu; uzembe na kutokuwa mwangalifu vinatosha. Ulimwaga takataka ndani ya kanivo: hiyo ni 258. Uliona kanivo imejaa mbele ya lupangu lako tangu Septemba, ukapita juu yake kila siku, na maji yakaingia kwa jirani: jirani anaweza kukupeleka kwa 259. Kifungu 260 kinagusa vitu ulivyo navyo chini ya ulinzi wako na watu unaowatuma kazi. Tutakirudilia tukifika kwa vijana wa jembe. Kifungu 261 kinaongea juu ya wanyama, na leo tuache mbuzi za watu. Kifungu 262 ndicho kinachonitia woga kuliko vyote: mwenye jengo anajibu kwa hasara ya kuanguka kwake, kama limeanguka kwa kukosa kutunzwa ao kwa sababu lilijengwa vibaya.

Katika mji huu kuna kuta ngapi za matofari mabichi, zisizo na msingi, zenye simenti nyembamba ya kupaka nje tu? Wakati wa kipwa ukuta huo unasimama kama askari. Maji ya masika yanaula kwa chini, sentimeta kwa sentimeta, na juu unaonekana mzuri na rangi yake ya Krismasi. Siku unaanguka, hauchagui. Na kama umemwangukia mtu, habari haiishii kwenye kulipa feza. Kode penali, katika kifungu 52 na 53, inaongea juu ya mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele ao kukosa kujihadhari: kifungo cha miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na malipo. Kwa hiyo kusema "sikujua" hakusaidii sana, maana kutoona mbele ndiko kosa lenyewe.

Msifikiri ninaongeza chumvi. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Desemba 2022, mvua iliua zaidi ya watu 120 katika Kinshasa, na wengi wao walifunikwa na nyumba na udongo ulioporomoka. Sisi hatuna vilima kama vya Ngaliema ao Mont-Ngafula, na hiyo ni neema. Kuta mbovu tuko nazo.

Maji ya jirani wa juu

Ugomvi mwingi unaofika kwa shefu wa avenyu unahusu jambo hili, na mara nyingi pande zote mbili ziko na nusu ya haki. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 inafuata desturi ya zamani ya sheria: lupangu la chini linapashwa kupokea maji yanayoshuka yenyewe toka lupangu la juu, kwa mteremko wa udongo, bila mkono wa mtu. Huwezi kujenga ukuta wa kuyarudisha kwa jirani wa juu. Lakini neno "bila mkono wa mtu" ni zito. Kama jirani wa juu amekusanya maji ya paa lake ndani ya bomba na kutoboa ukuta ili yamiminikie kwako, mkono wa mtu umeingia. Kama amechimba njia ya kupeleka maji ya kuogea na ya kufulia kwenye uwanja wako, vilevile. Maji ya paa yanapashwa kuanguka juu ya udongo wa mwenye paa ao kwenda kwenye barabara, si juu ya ukuta wa mwingine.

Kuna dawa ndogo ambayo watu wanaidharau. Chimba shimo kwenye pembe ya lupangu, mbali na ukuta na mbali na kisima, ulijaze mawe na vipande vya matofari, na uelekeze hapo maji ya paa. Udongo utayanywa polepole. Halimalizi maji ya mvua kali, lakini linapunguza kishindo cha nusu saa ya kwanza, na ni nusu saa hiyo inayobeba vitu vya watu. Na pipa chini ya ukingo wa paa, mama, ni maji ya kufulia ya bulele. Lifunike tu, kwa ajili ya mbu na kwa ajili ya mtoto anayejifunza kutembea.

Kama unakaa kwa nyumba ya kupanga

Wengi wetu ni wapangaji, na mwenye nyumba anakaa kartye nyingine, ao Likasi, ao hata Ulaya. Sheria namba 15/025 ya 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inataka mapatano yaandikwe na inakataza garanti kupita miezi 3. Kila mtu anajua habari ya garanti. Wachache wanafikiria kuandika ndani ya mapatano yale nani atazibua kanivo na nani atatengeneza ukuta, kisha mvua inawauliza wote wawili kwa siku moja.

Kama hamkuandika kitu, mgawanyo wa kawaida ni huu: kazi kubwa, yaani ukuta, paa, shimo la choo, kanivo iliyobomoka, ni ya mwenye nyumba. Kazi ya kila juma, kufagia, kuondoa mchanga na masashe, ni ya anayekaa. Mtu aliyeangukiwa na ukuta atamwita mwenye jengo. Lakini mtu aliyejaziwa maji kwa sababu kanivo iliziba na majivu ya jiko lako atakuita wewe, na mwenye nyumba atasimama pembeni anaangalia.

Ukiona ukuta unainama, usinyamaze. Mwambie mwenye nyumba, na umwambie kwa namna inayobaki: ujumbe wa telefone wenye picha na tarehe una nguvu kuliko maneno ya mlangoni. Usikate feza ya kodi kwa akili yako mwenyewe ili utengeneze, hata kama unaona haki ni yako. Wengi wamefukuzwa kwa njia hiyo. Patana naye kwanza kwa maandishi kwamba matofari na simenti vitatoka kwa kodi ya mwezi fulani. Akikataa, ofisi ya Habitat ya komini ndiyo mahali pa kwanza pa kuwasikiliza ninyi wawili mbele ya kufikiria tribinali.

Mapangu yenye familia nne ao tano ni habari nyingine. Hapo kila mmoja anaona kanivo ni ya wote, na kitu cha wote hakipati ufagio. Fanyeni zamu ya juma, muiandike kwenye kipande cha karatasi, mkibandike kwa mlango wa bomba la maji mahali kila mtu anapita.

Na kwa wamama ambao mabwana wako Kolwezi ao Fungurume kwa kazi ya migodi: hamna lazima ya kungoja arudi ndipo mlalamike. Sheria ya 15 Julai 2016 iliyogeuza Kode ya familia iliondoa ile lazima ya zamani ya mke kuomba ruhusa ya mume. Mpigie bwana umweleze, ni vizuri na ni heshima, lakini shefu wa kartye hana haki ya kukurudisha akisema "mlete mwanaume."

Vijana wa jembe

Tangu Oktoba vijana wanapita na jembe na burweti: "Mama, tuzibue?" Sina neno baya juu yao. Wanafanya kazi ambayo wengi tunaikimbia kwa harufu yake. Lakini namna tunavyopatana nao ndiyo inayoleta ugomvi, maana tunapatana bei tu. Na hapa ndugu zetu wa Montreal wanatushinda kwa kitu kimoja: wanapatana kabla, na wanasema kazi inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ulizo la kwanza si bei, ni matope yataenda wapi. Matope yaliyotolewa Jumatatu na kulundikwa kando ya kanivo, mvua ya Jumatano inayarudisha yote ndani, na feza yako imekwenda nayo. Wakiyatupa mbele ya mlango wa jirani ao kwenye kiwanja cha wazi cha avenyu, wewe uliyewatuma unaweza kuitwa: ndicho kile kifungu 260, anayemtuma mtu kazi anajibu kwa hasara ambayo yule anaileta akiwa kazini. Mimi ninashauri hivi: nusu ya bei kanivo ikiwa wazi, nusu ya pili matope yakiisha kuondoka. Kijana mwaminifu hatakataa. Na muonyeshe kwa mguu wako, kutoka mti huu mpaka mlango ule, mpaka jembe ligonge betoni.

Usimpe mtoto kazi hiyo, hata kama bei yake ni ndogo na hata kama analilia. Ndani ya kanivo zetu mna chupa zilizovunjika, sindano, na maji ya vyoo. Mtu mzima mwenye bote na glavu anaweza kujikinga. Mtoto wa miaka 11 mwenye kandambili hawezi. Nimeona zaidi ya mmoja akija darasani na kidonda cha mguu ambacho hakikuwa cha mpira.

Jambo lingine ambalo wenye nyumba wengi hawalifikiri: kuzibua kunaanzia chini, si juu. Kama wewe wa juu umesafisha kanivo yako ikang'aa, na ya jirani wa chini imejaa, umemtengenezea mto. Ndiyo maana kazi hii inapendeza zaidi ikifanywa na avenyu nzima kwa siku moja. Wamama tuna likelemba kwa sahani na kwa vitenge. Nimesikia vikundi vinavyoweka pembeni sehemu ndogo ya likelemba toka Agosti kwa ajili ya kanivo, kisha Oktoba wanaita vijana wanne, wanaanza kwa nyumba ya mwisho kwenye mteremko na kupanda, na burweti ya matope inalipwa mara moja kwa wote. Bei ya kila nyumba inashuka sana. Na mama mjane asiye na feza ya mwezi ule hafichwi aibu yake na mvua, maana kanivo yake inasafishwa pamoja na nyingine.

Wazee wanapenda kulinganisha na salongo ya wakati wa Mobutu. Salongo ilikuwa na polisi nyuma yake, na watu walikuwa wanafagia mahali ambapo shefu atapita. Likelemba haina polisi, na mtu asiyetoa anajulikana.

Neno juu ya meza zetu

Hili ni gumu kidogo, lakini hatuwezi kuongea juu ya kanivo na kuliruka. Mbao tulizoweka juu ya kanivo ili tuuzie nyanya, samaki na makala mbele ya lupangu: chini yake hakuna anayefagia. Majani ya sombe, maganda, majivu ya mbabula, yote yanaanguka pale pale. Na masashe. Amri ya 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki katika inchi yote, na kila mmoja wetu anajua kama imetii ao haikutii. Sisemi mama aondoe meza, meza ile inalisha watoto na kulipa shule. Ninasema mbao ziwe za kuinuka. Jumamosi jioni ziinueni, futeni chini, muzirudishe.

Vilevile kwa dala za betoni kwenye njia ya kuingiza gari. Dala iliyomwagwa kipande kimoja cha meta 5 haizibuliwi na mtu. Jembe haliingii, na mtoto wa watu hawezi kutambaa mle ndani. Mwambie fundi akufanyie vipande ambavyo wanaume wawili wanaweza kuinua. Na kama fundi anataka kukuwekea bomba jembamba chini ya njia kwa sababu ni bei ndogo, mkumbushe zile lita 4 000, kisha umuulize mapaa mangapi yako juu yako kwenye avenyu.

Kuhusu magonjwa nitapita haraka, maana wauguzi wetu wamekwisha kuandika hapa. Toka yai mpaka kuruka, mbu anahitaji siku 7 mpaka 14 hivi ndani ya maji yaliyotulia; kwa hiyo kanivo inayofagiwa kila juma haimpi nafasi, na inayofagiwa mara moja kwa mwezi inamlea kizazi chake chote. Kipindupindu nacho kinafuata maji machafu yanayoingia kwenye visima na mabomba yaliyopasuka. Lubumbashi na Likasi hazijasahau mwanzo wa mwaka 2008.

Kwa watoto wa shule ninataka kukawia kidogo zaidi. Maji ya magotini mwa mtu mzima yanafika kwenye mapaja ya mtoto wa darasa la kwanza, na yakitembea kwa nguvu yanamwangusha. Barabara ikijaa, kanivo haionekani. Mtoto anaona maji sawa sawa mahali pote na anaweka mguu mahali ambapo chini hakuna. Mfundishe kwenye kipwa, wakati kanivo iko wazi: tembea naye njia yote ya shule, mhesabuni pamoja mahali palipo na shimo, mahali palipo na dala iliyovunjika, mti wa kushikilia. Na mwambie hivi waziwazi: mvua ikiwa kubwa, ngoja shuleni. Kelele ya kuchelewa kufika nyumbani asiogope. Ninajua wamama wengine wanapiga mtoto aliyechelewa kwa mvua. Mtoto huyo kesho yake atakimbilia ndani ya maji ili asipigwe.

Jirani akikataa

Anza kwa mdomo, na usianze siku ya mvua, siku ile kila mtu amekasirika. Nenda na mama mmoja anayeheshimiwa na ninyi wawili. Kama haisaidii, piga picha: kanivo, bomba, alama ya maji kwenye ukuta wako, vitu vilivyoharibika. Andika tarehe. Orodhesha hasara kwa feza ile ile uliyonunulia, usiongeze godoro ambalo hukuwa nalo, maana jaji akishika uongo mmoja anaacha na ukweli wako wote. Kisha shefu wa avenyu, shefu wa kartye, huduma ya usafi ya komini. Mara nyingi inaisha hapo kwa karatasi ya mapatano. Isomeni vizuri, iwe na siku ya mwisho ya kufanya kazi, na kila upande ubaki na kopi yake. Isipoisha, tribinali ya amani iko, na vile vifungu vya 1888 ndivyo utakavyosimamia. Kwa ukuta unaotaka kuanguka usifuate ngazi zote hizo. Enda moja kwa moja komini siku ile ile, na uwatoe watoto upande huo wa nyumba usiku huu.

Ukuta unaangaliwa kwa chini, si kwa juu. Angalia mstari wa kwanza wa matofari karibu na udongo: kama yamelegea kama unga wenye maji, kama kidole kinaingia, kama kuna ufa unaopanda kwa pembe, ao kama udongo umelundikwa upande mmoja na kuusukuma, huo hautafika Februari.

Kwenye mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kilete jina la avenyu ambayo mfereji wake mkubwa umebomoka ao umeziba, pamoja na picha moja. Zile za mifereji mikubwa tu, kanivo za mbele ya milango tumalizane nazo wenyewe. Tutaandika barua moja kwa kila komini, na tutaomba ofisi iweke muhuri wa kupokea kwenye kopi yetu.